Moto Nao Husomewa



Kama unakaa Mafinga au katika vijiji vya Mufindi, unaujua mwezi wa Oktoba. Majani yamekauka. Upepo unavuma. Kila siku unaona moshi mahali fulani. Leo nataka kukueleza jinsi moshi wa namna hiyo ulivyonipeleka chuoni.

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka 14. Baba alinituma nichome mabua ya mahindi shambani. Nilikwenda saa saba mchana, jua kali. Niliwasha moto, nikakaa kivulini. Mara upepo ukageuka. Moto ukaruka mpaka, ukaingia katika misindano ya jirani yetu.

Nilipiga mayowe. Watu walikuja na matawi mabichi, majembe na ndoo za maji. Walipambana nao mpaka usiku. Miti ya miaka minane iliteketea. Mzee yule aliitegemea miti hiyo kuwasomesha watoto wake.

Baba alitoa ng'ombe wawili wa fidia. Mzee aliwapokea. Lakini msimu wa ulanzi ulipofika, hakuja tena kunywa kwetu. Watu walisema ni bahati mbaya. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka nilipoingia chuo cha misitu.

Tulichojifunza

Mwalimu wetu alituambia kwamba moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Ukiondoa kimoja, moto unakufa. Maji huondoa joto. Mchanga huzuia hewa. Barabara ya kuzuia moto, iliyolimwa ikabaki udongo mtupu, huondoa kitu cha kuungua. Ndiyo maana katika Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, unaona njia pana zisizo na mti wala jani.

Tulijifunza pia kwamba moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka. Miale yake hukausha majani ya juu kabla haijayafikia. Mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto huongezeka karibu mara mbili. Basi usikimbie kupanda mlima wakati moto uko chini yako.

Siku hiyo nililikumbuka shamba letu. Lilikuwa bondeni, na misindano ya mzee ilikuwa juu yake. Nilikuwa nimewasha saa mbaya, mahali pabaya, bila kukata njia. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa kutojua.

Kazi zake

Labda unauliza: mtoto akisomea moto, atafanya kazi gani? Kazi ziko nyingi.

Kwanza kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jeshi hili lina chuo chake Chogo, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Askari wake hawazimi moto tu. Huokoa watu katika ajali na mafuriko, na hukagua majengo kabla moto haujatokea.

Pili kuna misitu. Huko wanatakiwa watu wa kupanga njia za moto, kukaa kwenye minara ya ulinzi na kusoma picha za setilaiti zinazoonyesha mahali panapowaka.

Tatu kuna viwanda, migodi na viwanja vya ndege. Nne kuna wapelelezi wa chanzo cha moto, ambao hata mashirika ya bima huwahitaji. Tano kuna wahandisi wa kukinga majengo. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Maryland kimefundisha uhandisi huo tangu mwaka 1956.

Kazi hizi zinataka Hisabati, Fizikia, Kemia na Jiografia. Wasichana nao wanazifanya.

Usidhani elimu hii ni ya misitu peke yake. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Morogoro. Watu walikwenda kuchota mafuta. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Aliyesomea moto anajua kwamba kinachowaka kwanza ni mvuke wa petroli, nao hauonekani. Malori kama hayo hupita hapa Mafinga kila siku, yakienda Tunduma. Likianguka moja, kaa mbali, kisha piga simu namba 114.

Kabla ya kuwasha

Ndugu mkulima, hata kama hukwenda chuoni, shika haya. Waarifu majirani na uongozi wa kijiji. Kata njia kuzunguka shamba lote. Usichome mchana wala siku ya upepo. Ngoja jioni. Anza kuwasha upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi polepole kinyume cha upepo. Usiondoke mpaka majivu yamepoa. Ukiweza, acha kabisa kuchoma. Mabua yakifukiwa ni mbolea.

Nilipomaliza chuo nilikwenda kumwamkia yule mzee. Alinitazama, kisha akauliza, "Huko walikufundisha kuuwasha au kuuzima?"

"Yote mawili, mzee," nilijibu.

Akachukua jembe, akanipa. Tulikwenda pamoja mpakani, kati ya shamba lake na la baba, tukalima njia ya moto mpaka jua likazama. Msimu wa ulanzi uliofuata, alikuja kwetu.