Kutoka Mizabibuni hadi Michoro ya Kolo

Ukiwa Dodoma mjini na una siku mbili za nafasi, shika barabara ya Kondoa. Ndiyo iendayo Babati na Arusha. Lami yake ilikamilika mwaka 2018. Katika njia hiyo moja utaona zabibu zinavyogeuka mvinyo, na michoro ya watu wa kale juu ya mawe.

Anza na zabibu. Wamisionari wa Kitaliano walizipanda Bihawana katika miaka ya 1950. Leo kipo kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, kaskazini ya mji, njiani kwako. Wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Ukiupogolea mzabibu baada ya mavuno, huchipua na kuzaa tena. Ulaya huvunwa mara moja tu, maana baridi huulaza.

Viwanda vya mvinyo vipo mjini, na vingine vijijini kama Hombolo. Omba ruhusa mapema. Utaona zabibu zikitolewa vikonyo na kupondwa. Maji yake huitwa mchuzi. Mchuzi huwekwa katika tangi, na hamira hula sukari yake na kuifanya kilevi. Mvinyo mwekundu huchacha pamoja na maganda. Kwa mvinyo mweupe, maganda hutolewa kwanza.

Muulize mwenye kiwanda hununua zabibu kwa nani, na kwa bei gani. Hilo ndilo jambo kubwa kwetu wakulima. Zabibu iliyoiva haingoji. Mnunuzi akichelewa siku chache, inaoza, na mkulima hukubali bei yoyote. Mwenye tangi la kuhifadhia mchuzi anaweza kungoja. Onja kidogo ukipenda, lakini dereva asionje kabisa.

Sasa endelea kaskazini, upite Chemba, ulale Kondoa mjini. Asubuhi nenda Kolo, mwendo wa kilomita 20 na kitu. Njiani tazama makorongo. Ardhi iliharibika sana huko, hata mwaka 1979 mifugo ikahamishwa chini ya mradi wa HADO ili majani yaote.

Kolo kuna ofisi ya Mambo ya Kale. Lipa kiingilio, upewe mwongozaji. Usitazamie mapango ya giza. Ni mawe makubwa yaliyoinama kama paa. Chini yake utaona twiga, tembo, na watu warefu wembamba, wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo. Michoro mingine ni myeupe, nayo ni ya baadaye. Mawe yenye michoro katika eneo la Kondoa ni zaidi ya 150. Mary Leakey alinakili mingi mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia.

Lakini michoro inakwisha. Jua na mvua huifuta polepole, na watu huifuta upesi. Wapo wanaoimwagia maji ili ionekane vizuri katika picha. Wapo wanaochimba chini ya mawe, wakitafuta mali ya Wajerumani ya vita vya 1914 hadi 1918. Wanaharibu udongo ambao wataalamu wangeusoma kama kitabu. Mzabibu ukikatwa huchipua. Twiga huyu akikwanguliwa hachipui.

Kuna jambo gumu zaidi. Pale Mongomi wa Kolo wazee hufanya matambiko ya mvua na uponyaji, na hutumia pombe ya kienyeji. Ikirushwa juu ya jiwe, huichafua michoro. Mimi sioni haki kuwafukuza wazee. Matambiko yao yalikuwapo kabla ya ofisi. Wakae na watu wa Mambo ya Kale, wakubaliane pombe imwagwe wapi.

Kama shambani kwako kuna jiwe lenye michoro, usiwashe moto chini yake, wala usilivunje kupata kokoto. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, naye apeleke habari Kolo.

Panda mlima kabla jua halijawa kali. Chukua maji, na vaa viatu vya kufunga, maana njia ina mawe.