Karata Nzuri Isiyochezeka

Mwonyeshe mtu picha ya karata mpya kwenye simu, ataisifu dhahabu yake na sura ya mfalme. Kona mbili zenye namba na alama hatazitazama. Lakini mchezaji akishapanga karata mkononi kama pepeo, anabakiwa na kipande chembamba cha kushoto tu, chenye namba na alama hizo. Mchoro uliotugharimu sisi wachoraji wiki kadhaa umefunikwa wote.

Mteja mmoja alitaka karata nyeusi tupu: kopa na uru za dhahabu, shupaza na pau za fedha. Kwenye skrini zilipendeza mno. Sampuli zilipofika tukacheza usiku, chini ya taa ya kawaida ya sebuleni. Dhahabu na fedha zikang'aa sawasawa, watu wakawa wanatupa kopa wakidhani ni shupaza. Nilimsihi aturudishie nyekundu, dhahabu ibaki mgongoni. Akakataa, maana picha ilikwisha kuvuta wanunuzi. Wakusanyaji walizinunua wakaziweka kabatini. Walionunua ili wacheze hawakurudi.

Wakusanyaji nao wana macho yao. Wengi huchukua pakiti mbili, moja ya kufungua na nyingine ibaki na muhuri wake. Wakifungua, huenda moja kwa moja kwenye ree ya shupaza. Zamani Uingereza ilitoza kodi ya karata na kuweka alama ya malipo kwenye ree hiyo. Kodi ilifutwa mwaka 1960, mapambo yamebaki, na mchoraji anayeifanyia uvivu karata hiyo hujulikana papo hapo.

Balaa kubwa liko mgongoni, na mtu wa nje halioni. Kiwandani karata huchapwa nyingi kwenye karatasi moja, kisha hukatwa, na kisu hakipiti palepale kila mara. Ukingo ukiwa mwembamba, kuhama kwa nusu milimita kunaonekana: huku mnene, kule umekonda. Mgongo wa karata za Bicycle uitwao Rider Back, wa tangu 1887, una ukingo mweupe wa kutosha kumeza kosa hilo. Wachoraji vijana wanauondoa ili mchoro ufike hadi mwisho. Mchoro wa kujirudia ukihama, ua lililokatwa katikati upande mmoja linatokea zima upande wa pili, na mwenye jicho kali anaitambua karata ikiwa bado imelala kifudifudi. Hapo huwezi kuichezea pesa. Vivyo hivyo mgongo usiofanana ukiugeuza juu chini.

Sura za watu zinahitaji subira zaidi. Mchezaji hamsomi mfalme wa kopa. Anamjua kwa upanga uliopita nyuma ya kichwa. Ghulamu wa shupaza anamjua kwa jicho moja, malkia wa shupaza kwa fimbo yake. Nilipochora seti ya wafalme wenye vilemba na majoho ya pwani, nilibadilisha mavazi yote, lakini nikaacha upanga, jicho na fimbo mahali pake. Wazee waliozoea karata za kawaida waliketi wakacheza bila kuuliza kitu. Seti hiyo ndiyo inayoagizwa tena mpaka leo, na wakusanyaji nao wameinunua.

Siku hizi sipeleki kazi kiwandani kabla sampuli haijachezwa usiku na watu wanne wasioijua. Mteja asiyekubali hilo, namrudishia malipo ya awali.