Mwezi Ulipohamia Kwenye Simu

Katika Beni ya utoto wangu, miaka ya 1980, habari ya kuingia Ramadhani hatukuletewa na mtu. Tuliifuata wenyewe. Siku ya 29 ya Shaabani, jua likianza kuzama, wazee wa msikiti walitoka na mikeka yao wakakaa kwenye mteremko unaotazama magharibi, upande wa Mangina, ambako msitu unaanza na kuendelea mpaka Ituri. Sisi watoto tuliwekwa mbele, kwa kuwa sisi tulikuwa na macho na wao walikuwa na elimu. Mtoto akipiga kelele kwamba ameuona, hakuaminiwa hivihivi. Aliulizwa: uko juu ya mti upi? Mwembamba kiasi gani? Pembe zake zinaelekea wapi?

Swali la pembe lilikuwa mtego. Kwenye kalenda za ukutani mwezi mchanga huchorwa umesimama wima. Kwetu, ambako ikweta inapita jirani, haukai hivyo: hulala chali kama mtumbwi, ncha zote mbili juu. Mtoto aliyeutaja mwezi uliosimama alikuwa ameuona kwenye kalenda ya duka, si mbinguni, na alirudishwa nyuma huku wenzake wakimcheka.

Babu yangu alijihesabu katika waungwana, kizazi cha watu waliokuja na misafara ya pembe za ndovu. Stanley alipopita katika msitu wa Ituri mwaka 1887 aliwakuta watu wa Kilonga-Longa, mkuu wa msafara mmoja wa aina hiyo, wamekwisha kukaa Ipoto. Dini na Kiswahili vilitufikia kwa njia hizo, na desturi ya kuutafuta mwezi ikaja navyo. Siku zote tumekuwa wachache katikati ya Wanande, ambao wengi wao ni Wakatoliki na Waprotestanti. Hata hivyo, jioni ile jirani Mkatoliki naye aliuliza juu ya ua: "Papa, umeonekana?" Alitaka kujua kama kesho atakunywa chai peke yake.

Nilipohamia Butembo kufanya biashara nilikuta mwezi mgumu zaidi. Si mbali, ni kilomita hamsini na kitu kutoka Beni, lakini mji uko juu, zaidi ya mita 1,700, na jioni ukungu hushuka vilimani kabla watu hawajamaliza kufunga maduka. Mwezi mmoja, kutoka kuandama hadi kuandama, una wastani wa siku 29 na nusu na dakika arobaini na kitu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi shaka ni ya usiku mmoja tu. Wingu likifunika, unatimiza thelathini, basi. Na kwa kuwa mwaka wetu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, Ramadhani huzunguka misimu yote. Ikiangukia Julai, kiangazi, mwezi unaonekana. Ikiangukia Aprili au Novemba, mvua ndiyo inayoamua. Hatukuona tatizo katika hilo. Kutimiza thelathini kulikuwa nako ni kuangalia mwezi, maana mtu alikuwa ameshatoka nje akaona wingu kwa macho yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simu za mkononi zilifika, na mwezi ukaanza kuja na majina ya miji. Umeandama Kampala. Makka wamefunga. Kinshasa wamesema bado. Kinshasa ndiko makao makuu ya Waislamu wa nchi, lakini kwa umbali na kwa biashara Kampala ni mlango wa pili wa nyumba. Mabishano yalikuwa makali, na sayansi yake wachache waliijali. Jua huzama Kinshasa karibu saa nzima baada ya Butembo, hivyo mwezi unaoonekana kule umekua kwa saa moja zaidi na umejitenga zaidi na jua. Inawezekana kabisa watu wawili wakweli, mmoja Kinshasa na mmoja Butembo, waape viapo vinavyopingana. Kwetu lakini ugomvi ulikuwa nani wa kumtii, na aliyekuwa na simu yenye salio ndiye aliyekuwa na mwezi.

Wakati huo nilikuwa nikinunua bidhaa Kikuubo, vichochoro vya jumla vya Kampala ambako wafanyabiashara wengi wa Butembo wana mtu wao. Wangu alikuwa mzee wa Kigujarati. Familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakarudi baada ya Museveni kuwafungulia mlango. Jioni moja nilimkuta hajala tangu asubuhi. Vitabu vya hesabu alikuwa amevifunga mapema, akapanda ngazi za nyuma hadi kwenye roshani, mkononi ana chombo kidogo cha shaba chenye maziwa na maji. Nami nikapanda. Alisimama akitazama juu ya mapaa ya mabati, upande jua lilikozamia, na alipouona mwezi alimimina kile kimiminika taratibu, akaunganisha viganja, midomo ikicheza. Baada ya hapo ndipo alipoomba chakula.

Wahindu wa kwao huiita ibada hiyo Chandra Darshan. Siku isiyo na mwezi kabisa ni Amavasya, na baada yake wapo wanaofunga mpaka waone mwezi mchanga. Kwa Wagujarati mwezi wa kalenda huanzia hapohapo, kama wetu. Tofauti ni kwamba wao huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, ili sikukuu zisikimbie misimu, na sisi hatuongezi kitu. Tena kuna usiku, wa nne wa mwezi wa Bhadrapada, ambao hawautazami mwezi kabisa. Lakini kilichonishangaza ni kalenda iliyotundikwa dukani kwake, imechapishwa tangu mwaka jana, na saa ya kila Amavasya imeandikwa mpaka dakika.

"Patron," nikamwambia, "karatasi imeshakuambia. Pale juu unatafuta nini?"

"Karatasi imeniambia uko. Mimi nimekwenda kuusalimia."

Jibu hilo nilirudi nalo Butembo na sikujua la kulifanyia. Kwetu mwezi ni ushahidi. Ukishapatikana, kazi imekwisha. Kwake ushahidi ulikuwa umekwisha mwaka mmoja kabla, na kazi ndiyo kwanza inaanza.

Halafu ikaja vita ya Nalu, ndivyo tunavyowaita waasi waliotokea Uganda. Mauaji ya Beni na pembezoni mwake yalianza Oktoba 2014, na kwa kuwa wauaji walijitangaza Waislamu, shaka ilituangukia sisi, ingawa tulikuwa wahanga kama majirani zetu. Mtu afikirie: wanaume wenye kanzu, wamekaa mteremkoni magharibi ikiingia, macho yote msituni. Askari wa doria angeuliza wanamngoja nani. Mikeka ikakaa ndani. Mwaka 2018 Ebola ikazuka Mangina, upande uleule tuliokuwa tukitafutia mwezi, na mpaka ilipotangazwa kwisha Juni 2020 hata mikono ya Idi hatukupeana.

Ramadhani ya 2021 ndiyo iliyokata kamba. Tarehe 1 Mei, Shehe Ali Amini, aliyekuwa akiwakemea wenye msimamo mkali waziwazi, alipigwa risasi ndani ya msikiti wa Beni wakati wa swala ya jioni. Siku tano baadaye utawala wa kijeshi ukaanza Kivu Kaskazini na Ituri. Idi ilikuwa tarehe 13, na siku hiyo huko Kinshasa pande mbili zinazogombania uongozi wa Waislamu zilipigana kwenye uwanja wa Stade des Martyrs mpaka polisi akauawa. Kabla mwezi wa Mei haujaisha shehe mwingine aliuawa Mavivi. Idi ile tuliipokea kwa ujumbe wa simu, milango imefungwa, na sijamsikia mtu aliyeuliza kama kuna aliyeuona mwezi.

Mwaka uliofuata, 26 Julai 2022, watu wa Butembo waliandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Raia waliuawa, na kambini wakauawa Mmoroko mmoja na polisi wawili wa India, wote wawili wa Rajasthan. Mwisho wa wiki ileile mwezi uliandama: kwetu ulikuwa Muharram wa 1444, kwa Wagujarati Shravan, mwezi wao wa kufunga. Mzee wa Kikuubo alinipigia simu kuuliza kama niko salama. Aliniuliza pia kama mbingu ya Butembo ilikuwa safi. Ilikuwa safi. Nilikuwa nimetoka uani kuuangalia, bila shehe na bila kiapo.

Tangu hapo sioni tena ubaya wa simu. Hesabu ni hesabu, na tangazo moja kwa nchi nzima ni bora kuliko Idi mbili katika mtaa mmoja. Ubaya ni kwamba tulidhani tangazo limetuondolea kutoka nje.

Vijana wa Beni na Butembo, tangazo lifuateni. Simshauri mtu afunge peke yake. Lakini Ramadhani sasa imerudi Februari, kabla ya mvua kubwa za Machi. Jioni ya 29 si lazima mpande kilima, uani panatosha. Tazameni pale jua lilipozamia, juu kidogo, msichelewe, kwa sababu mwezi wa siku moja haukai. Mkiuona, mwambieni shehe. Kwa kuanza kufunga, shahidi mmoja mwadilifu anatosha. Kwa Idi wanatakiwa wawili, na mtaani kwetu ni miaka sasa hajatokea hata mmoja.