Nati Moja Tu, Nikaumbuka!

Jamani, kuna siri ndogo na kuna siri kubwa, halafu kuna siri ya ukubwa wa kidole gumba ambayo ikiamua kukuumbua inakuumbua mchana kweupe, kando ya barabara kuu, mbele ya wakubwa zako. Yangu mimi ilikuwa ya chuma. Leo naitoa hadharani. Ukitaka kucheka cheka, msomaji wangu, lakini ukimaliza nenda kafungue dashibodi ya gari la mzee wako.

Mjomba wangu, ambaye naishi kwake Upanga kwenye maghorofa ya National Housing, ana Toyota IST. Si hizi za juzijuzi, ni toleo la kwanza, lile lililoanza kutoka Japani mwaka 2002, kila tairi nati nne. Aliinunua ikiwa imetumika, kama wengi wetu mjini hapa, na ilikuja na vitu viwili alivyovipenda kuliko redio: rimu za spoti na nati za kufuli.

Kwa asiyezijua nati hizo, sikiliza. Kwenye kila tairi nati tatu ni za kawaida, moja ni ya kufuli. Ile ya kufuli haina pembe sita za kushikwa na spana. Ni ya mviringo mtupu, na kichwani imechorwa mfereji uliopinda pinda kama ua. Inafunguliwa na kisoketi kidogo chenye mchoro uleule, unaoingia ndani ya mfereji, halafu nyuma yake ndiyo unaweka spana. Kisoketi hicho ndicho ufunguo, na gari zima lina mmoja tu. Zipo kampuni, kama McGard ya Marekani, zinazoishi kwa biashara hiyo, na michoro yao ni mingi ili ufunguo wa jirani yako usifungue gari lako.

Mjomba aliuweka kwenye kifuko cha nailoni ndani ya dashibodi. "Wezi wa Dar watachukua vioo, watachukua taa," alikuwa akitutambia, "lakini tairi zangu watazisikia tu." Unaujua tena ule utani wa mjini: ukiibiwa kioo usiku, asubuhi wahi Gerezani ukakinunue mwenyewe.

Basi bwana, Jumamosi moja nikaazima mkoko. Kulikuwa na mtoto mmoja wa Mtaa wa Mindu, jina naliweka kapuni, nikamwambia twende Coco Beach tukale mihogo. Kioo nimeshusha, mkono nje, muziki juu. Hata Daraja la Salander hatujafika, bado tuko Barabara ya Umoja wa Mataifa, gari likaanza kuchechemea. Pancha, nyuma kushoto.

Mwenye akili angemwita fundi pancha. Mimi nilikuwa nauza sura. Nikakunja mikono ya shati, nikalegeza nati tatu za kawaida chapchapu, ile ya kufuli nikaiacha mwisho. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, ingawa nilikuja kuambiwa baadaye sana: ukishalegeza wenzake, kazi yote ya kulibana gurudumu inabaki kwa ile moja, na hapo ndipo inapokuwa ngumu. Kosa la pili, ufunguo niliuweka upande upande, haukukaa mpaka ndani. Kosa la tatu, niliokota bomba la chuma kando ya ukuta, nikalichomeka kwenye mkono wa spana, nikapanda juu kwa mguu.

Kraa!

Nati ilitii, sikatai. Lakini ufunguo ulipasuka ubavuni na ule mchoro wake ukasagika upande mmoja. Yule mtoto akapiga makofi. Nikacheka kama shujaa, huku moyoni najua nimeshaua.

Kesho yake nikawahi kwa fundi pancha mmoja jirani na Faya. Akaziba, akarudisha rimu, akaugonga ufunguo kwa nyundo ili ushike, kisha akaikaza ile nati kwa kusimama juu ya spana na kilo zake zote. Akanikabidhi ufunguo, akaniangalia usoni.

"Dogo, huu umeshakufa. Kufunga tumefunga, kufungua sijui. Mwambie mwenye gari."

"Nitamwambia," nikajibu. Nikaurudisha kwenye kifuko, upasuko nimeulaza chini. Nikafunga dashibodi.

Kwa nini sikusema? Sitaki kuzuga. Nilimaliza kidato cha nne na cheti cha kuweka uvunguni. Kwa Mjomba ndiko ninakokula na kulala, na makala zangu zinanilipa nauli na vocha basi. Gari lile lilikuwa kitu pekee ambacho Mjomba alikuwa ananipa bila kuniuliza mara mbili. Nikaona nikisema nimeharibu, ndiyo kwaheri. Nikajiambia nitatafuta ufunguo mwingine kimyakimya mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja ukapita. Wa pili nao hivyohivyo. Ukikaa na siri muda mrefu unaanza kuiona kama haipo.

Alfajiri moja simu ikalia. Mama Mkubwa, dada yake Mjomba, amefariki usiku huko Morogoro. Mazishi baada ya sala ya Adhuhuri. Huyu Mama Mkubwa ndiye aliyemlea Mjomba baada ya mama yao kufa wakiwa wadogo. Alimbeba mgongoni, akauza vitumbua mpaka Mjomba akamaliza shule. Mjomba hakulia. Alivaa kanzu, akachukua funguo za gari, akasema, "Twendeni."

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa barabarani. Mjomba kwenye usukani, Anti, mkewe, pembeni yake, mimi nyuma. Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190, kwa hiyo muda tulikuwa nao wa kutosha kabisa. Tukapita Kibaha, tukapita Mlandizi, tukavuka Mto Ruvu. Mbele kidogo, pwaa! Tairi la mbele kulia.

Mjomba akashuka bila wasiwasi, kama mtu aliyejiandaa. Akatoa jeki, akatoa spana, akafungua dashibodi, akachukua kile kifuko. Mimi nilikuwa nyuma kwenye buti nimekumbatia tairi la spea, na nakwambia msomaji, mikono ilianza kutetemeka kabla hajakifungua.

Akauweka ufunguo, akasukuma. Ukateleza. Akauweka tena, akasukuma kwa nguvu. Ule upasuko ukafunguka kama mdomo, kipande kikaanguka kwenye lami. Mjomba akakiokota, akakipuliza vumbi, akakitazama.

"Kimekuwaje hiki?" akauliza taratibu, kama anajiuliza mwenyewe.

Nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Kuvunja nilivunja kwa ujinga. Kunyamaza pale kando ya barabara, maiti inasubiri, ule haukuwa ujinga tena.

Anti akamwambia asimamishe basi, atuache sisi na gari. "Dakika kumi tu, itafunguka," Mjomba akasema. Dakika kumi zikazaa dakika kumi nyingine. Akapatikana kijana mmoja wa jirani na nyundo na tindo, akaitwanga ile nati kwa pembeni ili izunguke. Chuma cha nati hizi kimefanywa kigumu makusudi. Tindo iliruka, ikaichana rimu, na kipande kikapita karibu na jicho lake. Saa tano akanyoosha mikono. Mjomba sasa akaanza kusimamisha mabasi. Mawili yalipita yamejaa, hayakupunguza hata mwendo. Nikadandia bodaboda kurudi Mlandizi.

Nilirudi na mzee mmoja mwenye gunia la vyuma vikuukuu. Alitazama gurudumu, akauliza, "Nani amelegeza hizi tatu?" Kisha akazikaza upya zote, kwa nguvu. Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe ndiyo dawa yenyewe: zile tatu zikibana vizuri, ya nne inapunguziwa mzigo. Akapekua guniani, akatoa soketi ya zamani yenye kona kumi na mbili ndani, ndogo kidogo kuliko kichwa cha nati. Akaigonga kwa nyundo mpaka ikaingia kwa kulazimisha, ikang'ang'ania. Akaweka spana ndefu, akamwambia Mjomba aishikilie soketi isiyumbe, yeye akakandamiza taratibu, bila kurusha rusha. Ikalia kii, ikaachia. Robo saa nzima haikufika!

"Mna bahati," akasema akijifuta jasho. "Zipo zenye pete ya nje inayojizungukia. Hizo ukigongea soketi, pete inazunguka, nati imetulia tu. Halafu nikwambie, mzee, mwizi hana haja na ufunguo. Ana soketi na nyundo kama mimi. Nati hizi zinamsumbua mwenye gari."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini.

Tulifika msibani yapata saa tisa. Watu walikuwa wamesharudi makaburini, wamekaa majamvini. Mjomba alikwenda mwenyewe kaburini, mimi nikamfuata kwa mbali. Udongo ulikuwa bado mbichi. Alisimama pale muda mrefu na kanzu yake ina mafuta na vumbi la barabara, mikono myeusi, akaomba dua. Msomaji wangu, sijawahi kuona mikono michafu ikinihukumu namna ile.

Usiku nikamwambia. Nilimwambia yote, hadi yule mtoto wa Mindu na lile bomba. Nilitegemea kofi. Mjomba akakaa kimya, kisha akasema, "Chuma kinavunjika, mwanangu. Ungeniambia siku ile, ningeweka nati za kawaida na leo ningemzika dada yangu." Basi. Hakuongeza neno. Afadhali lingekuwa kofi.

Tuliporudi Dar hatukusubiri hata siku moja. Tukaenda Gerezani kung'oa zile tatu zilizobaki. Fundi wa pale alikuwa na seti ya soketi maalumu, zenye meno ya ndani yaliyopinda kwa kinyume, kwamba kadiri unavyofungua ndivyo zinavyong'ata. Mbili zikatoka kama mchezo. Ya tatu, bila shaka umeshaotea, ni ile ya nyuma kushoto, iliyokazwa kwa kusimamiwa. Ikagoma kata kata.

Kijana mmoja akashauri ichomelewe nati nyingine juu yake ili ipate pa kushikwa. Fundi akamkemea: "Moto karibu na tairi lenye upepo? Likilipuka nani atakwenda kwenu kusema?" Akavaa miwani, akaifunika rimu kwa kipande cha mpira, akachukua drili na biti ya kutobolea chuma kigumu. Akaenda polepole huku akidondoshea oili, akatoboa kwenye mwili wa nati mpaka ukuta wake ukawa mwembamba, akaupasua kwa tindo. Saa nzima na ushee. Pesa ya fundi niliitoa mimi, malipo ya makala mbili yakaishia hapo.

Kununua nati mpya nako kuna elimu yake. Usibebe tu nati yoyote inayong'aa. Ya IST ni ya milimita 12 na uzi wa 1.5. Nissan nyingi ni 12 pia, lakini uzi wake ni 1.25, ukilazimisha unaua uzi wote. Tazama na mdomo wake: kuna wa koni, kuna wa mviringo kama mpira, kuna bapa wenye washa. Lazima ulingane na tundu la rimu yako, la sivyo gurudumu litalegea njiani. Wenye Volkswagen na BMW, nyie hamna nati, mna bolti zinazozama moja kwa moja kwenye habu, lakini kilio ni kilekile. Kama ufunguo wako ulikuja na kikadi chenye namba, kitunze nyumbani, maana kwa namba hiyo unaweza kuagiza mwingine.

Na kukaza si ubabe. Toyota wanataka kama nyutoni-mita 103 kwa gari la aina hii, sawa na kutundika mzigo wa kilo 35 kwenye ncha ya spana ya sentimita 30. Kusimama juu ya spana unazidisha mara mbili na zaidi. Mashine ya upepo usiiruhusu kabisa iguse ufunguo wa nati ya kufuli, ni wa mkono tu. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama ukaze tena.

Sasa IST ya Mjomba ina nati 16, zote za kawaida. Inalala chini ya ghorofa palepale, na tairi zote zipo. Kile kipande cha ufunguo Mjomba hakukitupa. Kimo dashibodini, ndani ya kifuko kilekile cha nailoni.

Bado ananiazima gari, sikutegemea. Ila siku hizi kabla hajanipa funguo ananitazama, ananiuliza, "Kuna cha kuniambia?"

Wiki iliyopita nilimwambia nimekwangua bampa kidogo pale Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi. Akaguna, akanyoosha mkono, akanipa funguo.