Makaburi ya Roma yalivyonikumbusha mwanangu

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga. Lakini mimi, msomaji mpenzi, sikudhani hata siku moja kwamba ningesafiri kwa ndege usiku kucha hadi Ulaya, kisha siku yangu ya pekee ya mapumziko niitumie kutembea makaburini.

Ilikuwa Septemba mwaka wa 2023. Nilikuwa nimealikwa mjini Roma kwa semina ya waandishi wa habari ya majuma mawili. Wenzangu walipopewa siku ya kupumzika walikimbilia madukani. Mimi nilikuwa nimejuana kanisani na Sista mmoja Mkenya aliyekuwa akisoma huko. "Madukani utaenda hata Nairobi," akaniambia. "Twende katakombe nikakuonyeshe walikolazwa wazee wetu wa imani."

Siku niliyopewa ilikuwa Jumatano. Sista akacheka, akasema katakombe ya Mtakatifu Kalisto hufungwa siku hiyo. Ikabidi niwabembeleze wakuu wa semina wanibadilishie, nami nikapewa Alhamisi. Atakayebahatika kwenda na akumbuke hilo.

Tulipanda basi nambari 118. Halina makanga wala muziki. Watu hupanda kimya na kushuka kimya, mpaka nikahisi kama tayari tuko matangani. Likatushusha nje ya kuta za mji wa kale, karibu na barabara ya Appia ambayo Warumi walianza kuijenga mwaka wa 312 kabla ya Kristo. Palikuwa na miti mirefu na jua kali, nami nikamlaumu Sista moyoni kwa kunilazimisha kubeba sweta.

Tangu shule ya Jumapili nilikuwa nimeambiwa kwamba Wakristo wa kwanza walijificha chini ya ardhi, wakaishi humo kama fuko huku askari wa Kaisari wakiwasaka. Nilimweleza hivyo kiongozi wetu, mzee mmoja mcheshi, nikitaraji anisifu kwa kuijua historia. La hasha! Alitikisa kichwa kama mwalimu aliyesikia jibu hilo mara elfu moja.

Hakuna aliyeishi humo, akasema. Yalikuwa makaburi, na serikali ilijua yalipo. Sheria ya Kirumi ilikataza maiti kuzikwa ndani ya mji, ndiyo maana makaburi yako nje ya kuta. Warumi wengi wakati huo walichoma maiti zao, ilhali Wakristo, kama Wayahudi, walitaka kuzika. Tatizo lilikuwa lile lile tunalolijua sisi watu wa jijini: ardhi ilikuwa ghali na maskini walikuwa wengi. Kwa bahati, chini ya Roma kuna mwamba laini uliotokana na volkeno. Huchimbika kwa sururu bila taabu, kisha ukipigwa na hewa huwa mgumu. Basi waliposhindwa kutanuka kwenda kando, walichimba kwenda chini.

Na fedha zilitoka wapi? Hapo ndipo nilipotega sikio. Tertuliano, mwandishi Mwafrika wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita Tunisia leo, aliandika yapata mwaka wa 197 kwamba Wakristo walikuwa na sanduku la pamoja. Kila mmoja alitia alichoweza mara moja kwa mwezi, bila kulazimishwa, na fedha hizo zilitumiwa kuwalisha maskini na kuwazika. Nikamtazama Sista, naye akanitazama. "Chama," tukasema kwa pamoja, tukacheka. Hata huyo Kalisto ambaye katakombe imepewa jina lake alikuwa mtumwa zamani. Alipopata uhuru alikabidhiwa kusimamia makaburi haya, na baadaye, mwaka wa 217, akawa Papa.

Tulianza kuteremka ngazi. Kufikia ngazi ya ishirini hivi nilikuwa nimeshavaa sweta, kwani chini kule kuna baridi ya Limuru mwezi wa Julai. Ujia ni mwembamba. Mnene na mnene hawapishani. Pande zote mbili, kuanzia sakafuni hadi juu, ukuta umechimbwa mashubaka marefu, moja juu ya jingine, kama vitanda vya bweni la shule. Kila shubaka lilikuwa kaburi. Maiti ilifungwa sanda bila sanduku, kama wafanyavyo majirani zetu Waislamu, ikalazwa humo, kisha mdomo ukazibwa kwa marumaru au kwa vigae na lipu. Kiongozi alituambia ujia huo ukiunganishwa wote unafikia kilomita 20 hivi, na kwamba walizikwa humo watu wapatao nusu milioni. Taa zingezimika pale, nadhani ningeongeza idadi hiyo kwa mmoja.

Kwa mpenda vituko, niseme wazi kwamba mafuvu hatukuyaona. Mashubaka tuliyopitia ni matupu. Mengine yaliporwa, na masalio ya watakatifu yalihamishiwa makanisa ya mjini zamani sana. Katakombe yenyewe ilisahauliwa kwa karne nyingi, hadi mtaalamu Giovanni Battista de Rossi alipoifukua na kuingia, mwaka wa 1854, chumba walimozikwa Mapapa 9 wa karne ya 3. Kundi letu lilisongamana hapo, na chumba cha pili pia, penye sanamu ya Mtakatifu Sesilia. Vyote ni vya kupendeza, lakini si vilivyonifanya niandike makala haya.

Tangu tuteremke nilikuwa nikiona vishubaka vidogo, vingine havizidi urefu wa mkono wangu. Nilidhani ni vya kuwekea taa. Nikamwuliza Sista.

"La, mama," akanijibu polepole. "Hivyo ni vya watoto."

Baada ya hapo sikuona kingine. Vilikuwa kila mahali, pembeni na katikati ya vile vikubwa. Kiongozi akaeleza kwamba enzi hizo vichanga walikufa kwa wingi, na kwamba wazazi walioweza kulipia maandishi mara nyingi waliandika umri wa mtoto kwa miaka, miezi na hata siku. Wasioweza walibandika kitu kwenye lipu kabla haijakauka: sarafu, kauri, kipande cha kioo, mwanasesere. Hivyo wakirudi na koroboi yao waliweza kumtambua wao katika maelfu.

Waliohesabu siku! Mimi pia nilihesabu. Kifungua mimba wangu aliishi siku 11, mwaka wa 2014. Mama mkwe alinikalisha kitandani akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama wa kichanga haendi kaburini, mwanangu. Mungu atakupa wengine." Kwa kweli alinipa wengine wawili. Mume wangu na ndugu yake walikwenda Lang'ata asubuhi na kisanduku kidogo, wakarejea kabla ya saa sita, tukanywa chai. Hakukuwa na matanga. Tangu siku hiyo nikiulizwa nina watoto wangapi hujibu wawili, na pale alipolazwa sikuwahi kupauliza. Nilidhani huko ndiko kuwa na nguvu. Na hapa nimesimama mbele ya ukuta wa watu wasiokuwa na kitu, waliochangiwa hata kaburi, lakini wakahakikisha wanajua mahali.

Sista hakuniuliza neno. Alinishika kiwiko, tukapanda ngazi hadi juani.

Niliporudi nyumbani nilikaa siku nne kabla ya kufungua kinywa. Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, nikamwuliza mume wangu. Alizima televisheni. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kuna mfereji wa maji. Ukiupita, ni safu ya sita, karibu na njia. Nilikuwa nikingoja uniulize."

Jumamosi tukaenda. Majani yalikuwa yamemea hadi magotini na mfereji ulikuwa umekauka, lakini ulikuwepo. Alihesabu safu mara mbili, akapata mahali pawili tofauti. Tukaweka maua pote pawili.