Theluji ya Kyavinyonge

Mtu wa Marabo akisikia neno barafu, hufikiri sanduku la baridi la dukani Bunia. Sisi nasi tulikuwa hivyo. Lakini jirani yetu mmoja, mzee aliyevua samaki Kyavinyonge katika ujana wake, alishindana nasi jioni nyingi: "Nimeiona kwa macho haya, nyeupe kama unga wa muhogo, juu ya mlima wa nchi yetu wenyewe!" Mwaka 2011 macho yale yalianza kufifia. Akatuomba tumpeleke aione tena kabla hayajafumba. Basi sisi watatu tukachanga nauli, tukafuatana naye.

Lori lilipita Komanda, Eringeti na Oicha hata Beni, kisha tukashika njia ya Kasindi. Siku zile njia ilipitika. Tangu mwaka 2014 damu nyingi imemwagika upande wa Beni, na hatungemshauri mtu kuishika kwa ajili ya matembezi tu.

Kyavinyonge ni mji wa wavuvi ufukoni mwa Ziwa Edward, upande wa kaskazini, ndani ya hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Asubuhi mitumbwi hurudi na tilapia, akina mama wameketi na beseni zao, na katikati ya watu wanatembea korongo wakubwa wenye upara, wakingoja matumbo ya samaki. Kwa Kifaransa jina la ndege hao lasikika kama jina la kijiji chetu. Wenyeji walipojua tumetoka wapi, walicheka sana, nasi hatukuwa na la kujibu.

Usiku kiboko alikuja kula majani karibu na ukuta wa nyumba tuliyolala. Mmoja wetu, ambaye mchana alikuwa hodari wa maneno, akaomba tusizime taa. Mzee alisema zamani zake walikuja kwa makundi. Naye hakuongeza chumvi: miaka ya 1970 viboko wa hifadhi walikadiriwa kuwa 29,000, na mwaka 2005 hawakufika 1,000, kwa maana watu wenye bunduki waliwaua kwa nyama na meno. Hasara hiyo yamfikia mvuvi pia, kwani mavi ya kiboko huyalisha maji, na maji huwalisha samaki.

Mlima, hata hivyo, hatukuuona. Siku mbili ukungu ulifunika upande wote wa kaskazini. Tulikaa ufukoni, mzee akitufundisha. Karibu na hapo, Ishango, mto Semliki watoka ziwani, wapita chini ya Ruwenzori, wapokea vijito vyake, kisha waingia Ziwa Albert. Kumbe samaki wa Kasenyi tunaonunua Bunia huogelea katika maji yaliyochanganyika na ya theluji! Tukakumbuka habari ya Bwana Stanley, ambaye mwaka 1888, akiwa karibu na Ziwa Albert, alionyeshwa mlima huo na kijana mbeba bunduki wake. Kijana alidhani umefunikwa na chumvi.

Usiku wa tatu mvua ilinyesha. Alfajiri tulimshika mzee mkono, tukamsimamisha majini hata vifundoni. Ruwenzori ilikuwa wazi yote.

"Iko wapi?"

"Pale juu, Baba, kidogo mkono wa kuume."

Alitazama muda mrefu. "Naona mawe meusi, na kipande kidogo kama leso. Basi, macho yangu yamekwisha."

Tukatazama tena, sisi wenye macho mazima. Mawe meusi, na kipande kama leso.

Baadaye tulisoma kwamba mwaka 1906, Duke wa Abruzzi alipopanda kilele cha Margherita, chenye meta 5,109, barafu ya milima ile ilienea kilometa za mraba sita au zaidi. Mwaka 2003 haikufika hata moja. Dunia inazidi kupata joto, na wataalamu wa UNESCO waliandika mwaka 2022 kwamba barafu za milima ya Afrika huenda zitakuwa zimetoweka zote kufikia mwaka 2050. Asubuhi ile hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba yatupasa kumjibu.

"Baba, macho yako hayana kosa. Hata sisi twaona hivyo hivyo."

Akanyamaza kitambo. Kisha akageuka, akaenda kwa akina mama wenye beseni kuuliza bei ya samaki.