Bakteria Wangojao Wenzao

Katika magonjwa ya mimea uko mmoja unaopata miwaridi, mizabibu, mipichi na hata minyanya. Penye jeraha, mara nyingi pale shina linapoingia udongoni, hutokea kinundu kigumu kinachokua na kukua kama jipu lisilotumbuka. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Marekani, Erwin Smith na Charles Townsend, walionyesha kuwa uvimbe huu waletwa na bakteria wa udongoni. Siku hizi twamwita Agrobakteria.

Sisi tusomao elimu ya viumbe twapenda kukimbilia habari ya jinsi anavyouingilia mmea, na kweli ni ya ajabu. Hutia kipande cha DNA yake ndani ya chembe hai za mmea, nacho chazilazimisha chembe hizo kuzaana bila kikomo na kupika chakula kiitwacho opini, ambacho mmea wenyewe hauna haja nacho. Anayekila ni bakteria. Lakini nyuma ya habari hiyo iko nyingine isiyotajwa sana, nami naiona kubwa zaidi: ubaya wenyewe waweza kuhama.

Allen Kerr wa Adelaide, Australia, ndiye aliyelitangaza jambo hilo mwaka 1969. Aliweka katika mmea mmoja bakteria wenye kuleta ugonjwa pamoja na jamaa zao wasio na madhara; baada ya muda akawakuta wale wapole nao wamekuwa waovu. Hawakuharibiwa na mfano mbaya tu, kama wazee wetu watuonyavyo kuhusu marafiki. Walikuwa wamepokea kitu. Mwaka 1974 wataalamu wa Ghent, Ubelgiji, wakiwamo Jeff Schell na Marc Van Montagu, walikionyesha kitu chenyewe: pete kubwa ya DNA, iitwayo plasmidi ya Ti, iliyo kando ya kromosomu. Mwenye pete huleta ugonjwa. Asiye nayo hana neno. Bakteria wawili wakigusana, nakala ya pete yaweza kupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake.

Hata hivyo pete haigawiwi ovyo. Kwanza lazima opini ifike, maana ndiyo dalili kwamba mmea umekwisha kutekwa. Hapo bakteria huanza kutengeneza protini iitwayo TraR. Lakini TraR peke yake haidumu. Huvunjwa-vunjwa baada ya dakika chache. Yahitaji kitu cha pili, nacho ni kemikali ndogo ambayo kila bakteria mwenye pete huitoa kidogo kidogo, ikapenya hadi nje na kuingia kwa jirani. Wakiwa wachache, kemikali hupotea katika maji ya udongo. Wakisongamana, haba na haba hujaza kibaba: hurudi ndani kwa wingi, hushikana na TraR, na TraR iliyoshikwa hivyo haivunjiki upesi, bali huziamsha jeni za kuihamisha pete. Huamsha pia jeni itengenezayo kemikali ile ile, hata ishara ikazidi kwa kasi. Sehemu kubwa ya habari hizi ilianza kujulikana mwaka 1993, kwa kazi ya wataalamu wa Marekani na Australia.

Wengine husema kwamba bakteria hawa wanazungumza, au wanahesabiana. Mimi silipendi sana neno hilo. Moshi wa moto mmoja uwanjani hupeperuka. Mioto mitano ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa watu machozi, wala hakuna aliyeihesabu mioto.

Kwa mkulima hili si jambo la darasani tu. Mapema miaka ya 1970 Kerr alimpata bakteria mpole, K84, atoaye sumu iitwayo agrosini 84. Mizizi ya miche huchovywa katika maji yenye K84 kabla ya kupandwa. Sumu hiyo ina hila: imefanana na opini moja, agrosinopini, hivyo bakteria mwovu huifungulia mlango mwenyewe kama chakula. Na agrosinopini ndiyo hiyo hiyo imwamshayo kuihamisha pete yake! Lakini K84 naye anayo pete, yenye jeni za sumu na za kinga ya sumu, nayo pia huhama. Ikimfikia adui, sumu haimdhuru tena. Mlinzi amempa mwizi ufunguo. Ndipo Kerr na wenzake, katika kazi iliyotangazwa mwaka 1988, wakaikata katika pete hiyo sehemu ihusikayo na kuhama, wakapata bakteria K1026. Huyu hutoa sumu kama K84, ila kinga yake haitoki kwake kwa njia hiyo, naye akaanza kuuzwa kwa wakulima wa Australia. Mwenye mizabibu hafaidiki: bakteria waishambuliao mizabibu kwa kawaida hawadhuriki na agrosini 84.